Pawatila kuukuu uani: kuitunza na kuitengeneza mwenyewe kabla ya masika

Mwaka wa kwanza wa kuwa na pawatila, yaani trekta dogo la kusukuma kwa mikono, mwezi wa Februari, ilinigomea. Nilipiga hendeli mpaka viganja vikatoa malengelenge. Nikamwita fundi, akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema gasketi ya hedi, yaani ya kichwa cha silinda, imekwenda. Akafungua hedi palepale uani. Gasketi mpya ikaagizwa Unguja, ikaja na boti, siku tisa zikapita na wenzangu bondeni wameshaanza kuburuga, yaani kuvuruga udongo wa shamba kwa visu vya mashine. Ikafungwa, ikapigwa hendeli, kimya. Jirani yangu, mzee ninayemwita ami, alikuwa anapita na ng'ombe wake. Akaomba spana, akalegeza boliti ndogo juu ya chujio la dizeli, likatoka povu.

"Mwanangu, hii ina upepo tu," akasema, wala hakuifunga kamba ya ng'ombe.

Baada ya dakika kumi ilikuwa inanguruma. Tangu siku ile sigusi boliti ya hedi mpaka niwe nimeshamaliza vilivyo nje: dizeli, hewa, oili, maji, mikanda. Vitu hivi vitano mtu anaviweza mwenyewe kwa spana za kawaida, na ndivyo vinavyoziangusha nyingi ya pawatila kuukuu ninazoziona hapa Wete, Pemba, na vijiji vya jirani. Mwongozo huu unafuata mpango huohuo, kutoka nje kwenda ndani. Ukiwa nazo wiki tatu kabla ya mvua za Machi utaumaliza bila ya haraka.

Ijue mashine yako kwanza

Tafuta kibati kilichopigiliwa ubavuni mwa injini, kisugue kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, usome. Nyingi tulizonazo zina injini ya dizeli ya silinda moja iliyolala. Kwenye injini za Kichina, namba ya jina ina maana: S195 ni silinda 1 yenye kipenyo cha milimita 95, 1100 ni silinda 1 ya milimita 100. S195 ina nguvu za farasi 12 kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, na ndiyo niliyonayo, kwa hiyo vipimo nitakavyovitaja ni vyake. Mwenye Kubota au nyingine atumie vipimo vya kwake. Kazi ni ileile, namba ndizo zinazobadilika, na duka la vipuri halitakuelewa ukisema unataka ringi za "ile nyekundu".

Vifaa ni vichache. Spana za 10 mpaka 24, bisibisi mbili, nyundo, koleo, brashi ya waya, bomba la grisi, faneli na kitambaa safi cha kuchujia. Ongeza filageji, yaani vile vibapa vyembamba vya kupimia nafasi za valvu. Bei yake ni ndogo na itakulipa siku ya kwanza. Tandika jamvi kuukuu chini, boliti ikianguka isipotelee mchangani. Mimi naweka vifuu vya nazi vitano au sita kwa mstari: kila kilichofunguliwa pamoja kinalala kifuu kimoja, na vifuu vinafuata mpangilio wa kufungua. Siku ya kufunga unarudi kinyumenyume.

Neno moja kuhusu mavazi. Kanzu, ncha ya kikoi, mtandio, vyote vina hamu na mkanda unaozunguka. Vaa suruali na shati lililobana. Kizuizi cha mikanda kikiwa kimevunjika, mpe mchomea vyuma akitengeneze kabla hujafikiria chochote kingine.

Kuosha ni nusu ya matengenezo

Udongo wa mabonde yetu ni kinamo. Ukikauka juu ya injini unakuwa kama kigae, na injini inashindwa kupoa. Ukikauka kwenye ekseli unasaga sili, zile pete za mpira zinazozuia oili isivuje, kila gurudumu likizunguka. Kwa hiyo osha jioni ileile, udongo ungali mbichi. Kwanza iache injini ipoe, kwa sababu maji baridi juu ya chuma cha moto hupasua. Funika bomba la moshi kwa kopo na mdomo wa chujio la hewa kwa mfuko, kisha osha kwa maji ya ndoo na brashi. Pampu ya kuoshea magari iache, inasukuma maji ndani ya sili.

Mashamba yaliyo karibu na mikoko, ambako maji chumvi hupanda bondeni, yanahitaji uangalifu zaidi. Huko maliza kwa maji ya mvua au ya bomba, ndoo mbili tatu juu ya magurudumu ya chuma, visu na ekseli. Chumvi haimalizi kazi kwa siku moja, lakini ndani ya misimu miwili utaona boliti zinakatika kama mkate wa kumimina. Ukishaosha, washa injini dakika kumi ijikaushe, kisha paka visu oili chafu kwa brashi.

Ukiwa unaosha ndiyo nafasi ya kukagua visu. Vimepinda kama herufi L, na viko vya kushoto na vya kulia. Ukivifunga kinyume, mashine itakuwa inarukaruka na kuacha mitaro badala ya kuburuga sawasawa. Kaza boliti zake kila siku ya kazi. Kisu kimoja kilicholegea kinatafuna tundu la boliti mpaka linakuwa yai, na baada ya hapo hakikazi tena.

Oili

Washa injini dakika tano ili oili ipate joto na kunyanyua uchafu, izime, weka beseni chini, fungua boliti ya chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Usiondoke. Simama uitazame inavyotoka, kwa sababu oili inakusimulia yaliyomo ndani. Ikiwa nyeusi, ni kawaida ya dizeli. Ikiwa kama chai ya maziwa, ina maji: ama imeoshwa vibaya, ama gasketi au ringi za mpira za laina (ganda la ndani la silinda) zinavuja. Ikiwa nyepesi na inanuka dizeli, nozeli, mdomo unaonyunyiza dizeli ndani ya silinda, inatiririsha au pampu inavuja kwa ndani. Chovya kidole, kisugue juani. Ukiona vumbi linalometameta kama magamba ya dagaa, kuna beringi inayokwisha, na hiyo si kazi ya uani.

Fungua na chujio la waya la oili, ulioshe kwa dizeli, ulirudishe. Tia oili ya SAE 40, au 15W-40 ya injini za dizeli, mpaka alama ya juu ya kijiti, mashine ikiwa imesimama sawa. S195 inachukua kiasi cha lita tatu na nusu, lakini amini kijiti, usiamini lita. Vitabu vingi husema ubadilishe kila baada ya saa 100 za kazi. Kwa injini kuukuu inayoburuga kwenye maji, mimi nabadilisha kila saa 50, kwani oili ni rahisi kuliko krenki.

Ukiwasha baada ya kubadilisha, tazama kijitufe chekundu juu ya kifuniko cha hedi. Kikiinuka, oili inapanda. Kisipoinuka, zima mara moja.

Oili chafu usiimwage bondeni wala karibu na kisima. Visima vyetu vingi havina kina, na kisima kikishanuka dizeli kijiji kizima kitajua ni nani. Itie dumuni, utaitumia kupakia visu na nguzo za banda.

Usisahau gia. Sanduku la gia linatumia oili nzito ya 90, na watu wengi wanaitia siku ya kununua mashine na hawarudi tena. Legeza boliti ya chini kidogo tu, mashine ikiwa imelala usiku kucha bila kuguswa: maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yameingia yatatoka ya kwanza. Yakitoka, badilisha oili yote na utafute sili ya ekseli iliyokufa.

Hewa

Chujio la hewa la injini hizi lina bakuli la oili chini na waya kama steelwool ndani. Wakati wa kiangazi, vumbi la njia za shamba linaingia kila saa. Fungua, mwaga oili, osha waya kwa dizeli, kung'uta, acha likauke, tia oili safi mpaka kwenye mstari. Ni mpaka kwenye mstari, si zaidi. Oili ikizidi, injini inaweza kuinywa na kuanza kukimbia yenyewe, hata ukifunga mafuta haizimi. Ikikutokea, ziba mdomo wa hewa kwa kipande cha ubao au vuta kishikio cha kuachia upepo, kile kinachofungua valvu ili silinda isibane hewa. Usizibe kwa kiganja.

Dizeli, na upepo ulioingia ndani yake

Hapa ndipo nitakapokaa, maana hapa ndipo zilipo siku zangu tisa.

Nozeli ya dizeli ina matundu membamba mno, na pampu yake ina vyuma viwili vilivyosuguliwa mpaka nafasi baina yao haionekani kwa jicho. Chembe ya mchanga au tone la maji kwao ni sumu. Na dizeli yetu inapitia mikono mingi: pipa, dumu, chupa za maji, faneli iliyokuwa imelala chini. Juu ya hayo, kisiwa hiki kina unyevu. Tenki lililoachwa nusu usiku linatoa jasho kwa ndani, jasho linashuka chini ya dizeli, na baada ya wiki chache una kikombe cha maji.

Dawa haina gharama. Dizeli ikifika nyumbani iache kwenye dumu itulie siku mbili. Mimina ya juu kupitia kitambaa, ile ya chini, kiasi cha nusu lita, isiingie tenkini kabisa. Tumia kuoshea vyuma. Jaza tenki jioni, si asubuhi, ili lisipate nafasi ya kutoa jasho. Kila wiki fungua koki ya chini ya tenki, acha itoke kidogo kwenye gilasi, utazame. Kama kuna mstari baina ya rangi mbili, hayo ni maji.

Chujio la karatasi libadilishwe kila msimu. Kuliosha na kulirudisha nimewahi kulifanya, nikajuta: karatasi ikishaloa uchafu inapasuka bila ya kuonekana.

Kila ukifungua chujio, au tenki likikauka, upepo unaingia kwenye mabomba. Dizeli haibanwi, upepo unabanwa. Kwa hiyo pampu inasukuma, povu la hewa linajibana na kujiachia, na nozeli haipati chochote. Dalili zake: injini iliyokuwa nzima jana leo haishiki, au inawaka, inakohoa, inazima. Kutoa upepo ni hivi:

1. Jaza tenki angalau nusu, fungua koki ya mafuta.

2. Legeza boliti ndogo juu ya chujio. Itatoka povu, kisha vitone vilivyochanganyika na mapovu, kisha dizeli safi ya mfululizo. Ikifika hapo, kaza huku bado inatoka.

3. Legeza bomba linaloingia kwenye pampu, fanya vilevile.

4. Weka kitasa cha mafuta kwenye nafasi ya kuwashia. Legeza nati ya bomba la chuma pale linapoingia kwenye nozeli, mzunguko mmoja tu. Inua kishikio cha kuachia upepo, zungusha hendeli polepole mpaka dizeli iruke kwa mapigo bila mapovu. Kaza.

5. Zungusha tena huku umeinua kishikio, na sasa tega sikio. Nozeli nzima inalia, "krii, krii", kila mzunguko. Ukiisikia, ongeza kasi, achia kishikio, injini itashika.

Kama umefuata yote na hailii, ifungue nozeli, uifunge upya kwenye bomba lake ikiwa nje, mdomo umetazama mbali na watu, uzungushe. Inatakiwa itoe ukungu mwembamba na kukata ghafla. Ikitoa mshipa kama wa mkojo, au ikabaki inadondosha, ina uchafu au imekufa. Kidole chako kisikaribie. Dizeli inatoka hapo kwa shinikizo la zaidi ya mara 100 ya hewa tunayovuta, inapenya ngozi na kuingia ndani ya nyama, na jeraha lenyewe linaonekana kama limechomwa na mwiba. Aliyepatwa aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama haumwi.

Na kuhusu hendeli: shika vidole vyote pamoja na dole gumba upande mmoja, usilizungushe dole gumba kama unavyoshika mpini wa jembe. Injini ikirudisha nyuma, mkono utaachia wenyewe. Ami ana kifundo kilichopinda tangu ujana wake, na hakukipata kwa ng'ombe.

Maji

Injini nyingi za aina hii hazina rejeta ya kuzungusha maji. Zina tangi la wazi juu, maji yanachemka, mvuke unachukua joto na kuondoka. Kwa hiyo ukiona inachemka usishtuke, ndivyo ilivyoumbwa. Unachotakiwa kukitazama ni boya jekundu: likizama, ongeza maji. Bondeni katikati ya kuburuga mtu husahau, na mimi nimeshakumbuka baada ya kunusa rangi inaungua. Ikikufika hivyo, punguza moto, iache izunguke bila mzigo kisha izime, kaa chini ya mwembe mpaka uweze kuweka kiganja juu ya chuma. Ndipo utie maji. Ukimwaga ndoo ya maji baridi kwenye injini kavu ya moto utasikia "ta!", na hapo umenunua hedi.

Maji gani? Ya mvua. Maji ya visima vya maweni yana chokaa, na chokaa linaganda ndani kama linavyoganda kwenye birika la chai, injini ikawa imevaa koti. Kama tayari lipo, mwaga maji, jaza siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, iache usiku mmoja, mwaga, suuza mara tatu. Rudia ikibidi. Maji ya bondeni yenye tope usiyatie hata ukiwa na haraka. Chukua dumu kutoka nyumbani.

Valvu

Kazi hii inawatisha watu bila sababu. Inachukua nusu saa, na mashine iliyokuwa nzito kuwaka inarudi kuwa nyepesi. Injini iwe baridi, yaani iwe imelala usiku kucha.

Fungua kifuniko cha hedi, utaona roka mbili, vile vyuma vinavyobonyeza valvu. Zungusha flaiwili, lile gurudumu zito la ubavuni, kwa mkono mpaka alama ya pistoni kuwa juu ikutane na alama kwenye ukingo wa tangi la maji. Sasa tikisa fimbo zote mbili zinazosukuma roka. Kama zote zimelegea, uko mahali sahihi. Kama moja imebana, zungusha flaiwili duara moja kamili na ujaribu tena, kwani kwenye injini ya mipigo minne pistoni inafika juu mara mbili na ni mara moja tu ambapo valvu zote zimefungwa.

Pitisha filageji baina ya roka na mkia wa valvu. Ya kuingiza hewa iwe milimita 0.35, ya kutoa moshi 0.45. Ya moshi inapewa zaidi kwa sababu inapata joto kubwa na kurefuka. Kibapa kiteleze kwa kukwaruza kidogo, kama kisu kinavyopita kwenye boga bichi. Kikipita bila kugusa, nafasi imezidi, kisipoingia, imepungua. Legeza nati, geuza skrubu, shika skrubu isizunguke, kaza nati, pima tena. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika: nati ikikazwa huivuta skrubu na kipimo kinabadilika.

Nafasi ikiwa kubwa, injini inagonga "ta-ta-ta" na nguvu zinapungua. Ikiwa ndogo ni hatari zaidi, maana haitoi sauti; valvu haifungi vizuri, inaungua kimyakimya.

Mikanda na klachi

Bonyeza mikanda katikati kwa dole gumba. Ishuke kiasi cha milimita 20 mpaka 30. Ikishuka zaidi inateleza, inanuka mpira, na mashine inakufa kwenye tope ilhali injini inalia. Legeza boliti nne zinazoshika injini kwenye fremu, isogeze mbele, kaza. Kabla ya kukaza nyoosha uzi kutoka puli ya injini hadi puli ya klachi. Uzi usiponyooka, mikanda italika upande. Ikiwa mmoja umekatika, badilisha yote pamoja. Mpya ukikaa na wa zamani, mpya ndio unaobeba mzigo wote, na hautadumu.

Mkanda uliolowa oili uoshwe kwa sabuni na maji, si kwa petroli.

Klachi za kukatia kona, zile zilizo kwenye mikono, zirekebishwe ziwe na mchezo kidogo kabla hazijaanza kuvuta. Na hapa kuna jambo ambalo kila anayejifunza anatakiwa aambiwe kabla ya kushuka kilima, na Pemba ni vilima vitupu: ukishuka mteremko na trela nyuma, klachi za kona zinafanya kinyume. Kwenye tambarare ukivuta ya kushoto unakwenda kushoto. Kwenye mteremko injini ndiyo inayozuia magurudumu. Ukivuta ya kushoto unaliachia gurudumu la kushoto lende mbio, na mashine inakata kulia. Kwa hiyo ukishuka weka gia ndogo tangu juu, usiguse klachi hizo, geuza kwa nguvu za mikono.

Kuusoma moshi

Moshi mweusi: mzigo umezidi, chujio la hewa limeziba, au nozeli inadondosha. Anza na chujio la hewa, kwa sababu ni bure. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, ama ringi zimekwisha ama umejaza oili kupita alama. Moshi mweupe asubuhi kwa dakika mbili si kitu. Usipoisha na injini ikiwa ya moto, dizeli ina maji, au haiungui kwa wakati wake, au maji yanaingia kwenye silinda. Kiangalie kiwango cha maji kama kinapungua haraka kuliko kawaida na uirudie ile oili kama imekuwa chai ya maziwa.

Injini ikiwa dhaifu na huna hakika, zungusha hendeli taratibu bila kuinua kishikio. Nzima inakupinga na kukurudisha kama mpira. Ikipita laini, pumzi inatoroka mahali. Tia kijiko kimoja kidogo cha oili kwenye njia ya hewa, zungusha mara kadhaa huku umeinua kishikio, kisha jaribu tena. Upinzani ukirudi, ringi na laina ndizo zilizochoka. Usiporudi, valvu hazifungi. Kijiko kimoja tu, nasema, kwani pistoni haiwezi kubana oili, na ikijaa kitakachopinda ni chuma.

Ukifika hapo, mwite fundi, na umwambie ulichokipima. Utashangaa bei inavyoshuka mtu akijua kwamba umeshapima. Kazi za kumwachia yeye ni hizi: kufungua pampu ya nozeli, kubadilisha wakati wa kuchoma mafuta kwa vile vibati vyembamba vilivyo chini ya pampu, laina, ringi, beringi za krenki. Simama naye ukimpa vifuu vyako.

Msimu ukiisha

Pawatila zinakufa zaidi zikiwa zimelala kuliko zikiwa kazini. Baada ya kuburuga, osha, badilisha oili wakati huohuo na si mwakani, maana oili chafu ina asidi inayokula beringi kimyakimya. Jaza tenki la dizeli pomoni. Mwaga maji yote ya kupoozea kwa koki ya chini na uiache wazi. Tia kijiko cha oili kwenye njia ya hewa, zungusha polepole, kisha usimamishe pistoni juu, pale ambapo fimbo zote mbili zimelegea, ili valvu zote ziwe zimefungwa na unyevu usiingie. Funika bomba la moshi kwa kopo. Nyanyua magurudumu juu ya mawe au magogo, legeza mikanda, pakaa grisi kwenye kila chuma kinachong'aa.

Banda la makuti lenye upepo linatosha. Usiifunge kwenye turubali la plastiki mpaka chini, kwani unyevu unanaswa ndani na utaikuta imechakaa kuliko ungeiacha juani. Funika juu tu, pembeni papumue. Na usiiwashe ndani ya banda lililozibwa, moshi wake unaua.

Kila wiki ya pili, nainua kishikio na kuizungusha hendeli mara ishirini, kisha naisimamisha tena pale pa valvu kufungwa. Tarehe naiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa banda. Hendeli yenyewe inalala ndani ya nyumba, juu ya kabati, watoto wasiifikie.